Tafuta, Badilisha

Steshenari yangu ina kompyuta mbili na mashine ya kujalidi,
ngazi tatu kutoka barabarani, nyuma ya soko la Kiusa.
Ukurasa shilingi mia tano. Jalada gumu elfu kumi na mbili.
Ukurasa wa Tamko naupiga bure,
vidole vyangu vinaujua bila macho:
*Mimi, fulani, natamka kwamba kazi hii ni yangu halisi.*
Nimetamka hivyo mara mia nne,
mimi niliyeishia kidato cha nne.

Mwezi wa tano, mvua ikiponda bati, akaingia Ndeonasia.
Hakufunga mwavuli. Akasema kama anayeulizia bei:
"Dada Eliakunda, ile kazi ya Kirenga,
ya majina ya migomba kule Uru, unayo bado?"
Ninayo. Ninazo zote. Sifuti kitu cha mtu.
"Basi weka jina langu. Na Uru iwe Machame.
Muda umenitupa, dada. Hamsini elfu hii hapa."

Sikumuuliza kanuni za chuo zinasemaje.
Zimebandikwa ukutani kwangu. Nilizichapa mwenyewe,
nakala mia tatu za wanafunzi wapya:
ibara ya nne, wizi wa maandishi;
ya tano, data za kubuni;
ya sita, *atakayemsaidia mwingine*.
Hiyo ya sita niliirekebisha hadi nukta.

Nikabonyeza: tafuta Uru, weka Machame.
Mara mia mbili na kumi na moja, ikasema mashine.
Chai yangu haikuwa imepoa.
Nikajalidi kwa bluu, herufi za dhahabu.

Dokta Mamkwe Lyatuu hakuhitaji mtambo wa kunasa wezi.
Alifungua ukurasa wa tatu, wa shukrani, akasoma:
*NamshukMachame Mungu kwa uzima.
NamshukMachame mama yangu, aliyeuza ndizi ili nisome.*
Akafunua mbele:
mkulima analalamikia *ushMachame* wa soko,
jirani yake analisha *ngMachamewe* maganda,
mzee mmoja anakumbuka mgomba uliopandwa mwaka wa *uhMachame*.

Mji ulicheka. Na mimi nilicheka, siku ya kwanza.

Siku ya pili nikafungua mlango,
nikamwona Bi. Aisaria, mama yake Kirenga,
akipanga mshare juu ya gunia, hatua kumi kutoka kwangu.
Ni yeye aliyeshukuriwa mle ndani.
Nilimnyang'anya mwana kwa kidole kimoja,
nikampa mwingine asiyemjua,
naye akaniamkia: "Umelalaje, mwanangu?"

Kamati ilimuuliza Ndeonasia: nani alikusaidia?
Akasema: peke yangu.
Uongo huo nao niliupokea, kama nilivyopokea ile hamsini,
bila kuhesabu mbele ya mtu.
Wakamfungia mwaka mzima.

Amerudi juzi. Viatu vina udongo mwekundu wa Machame,
mfukoni madaftari matatu yamevimba kwa unyevu.
Alipeleka hojaji sitini; zimejibiwa thelathini na saba.
Mmoja alikuwa na msiba. Mmoja alimfukuzia mbwa.
Mwanamke wa kando ya mfereji alimtajia majina kumi na manne ya ndizi,
kisha akamwambia la kumi na tano haliandikwi.
"Na hizi tupu?" nikauliza. Mazoea mabaya.
"Ziache tupu, dada."

Nikapiga yote hadi jioni.
Tulipofika kwenye Tamko nikasimama,
nikamsogezea kiti changu.
Hajui kupiga chapa. Anatafuta herufi
kama mtu anayechambua mchele:
M. Kimya. I. Kimya. M.

Nikatoka nje, nikanunua mshare ambao sikuuhitaji.
Bi. Aisaria akaniongezea kimoja, kama kawaida yake.
Nilifungua kinywa kumwambia.
Nikasema, "Nashukuru."